Shule ya Sanaa Msituni, Mombasa hadi Shimba Hills: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kila msimu unapokaribia: na wazazi, na walimu wa shule, na vijana wanaotukuta kivukoni Likoni tukiwa na mbao za kuchorea begani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jibu fupi lingempotosha mtu. Anza popote upendapo. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine utaelekezwa liliko.

## Mambo ya mwanzo

Shule ya sanaa msituni ni nini hasa?

Ni darasa la kuchora na kupaka rangi linalofanyika msituni kwenyewe. Hakuna dawati wala ubao wa mwalimu. Unakaa chini au juu ya kigoda, karatasi mapajani, mbele ya kitu kimoja, na unakaa nacho mpaka ukijue.

Walimu ni wawili. Mimi ni mchoraji na mwalimu wa sanaa hapa Mombasa. Mwenzangu ni mwongozaji mzaliwa wa Kwale, anayeijua miti kwa majina yake ya Kidigo na ya Kiswahili, na anayejua kila mti humfaa nani na kwa kazi gani. Mimi nafundisha namna ya kutazama na mkono ufuate vipi. Yeye anafundisha ni nini hicho unachokitazama. Bila yeye, wanafunzi wangerudi na picha nzuri za vitu wasivyovijua.

Kwa nini msituni? Mombasa si ina bahari, majahazi na Mji wa Kale?

Inavyo, na kila mwanafunzi huanzia huko. Kabla ya safari tunakwenda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kutazama michoro ya ukutani waliyoiacha mabaharia wao. Waliichora kwa rangi nyeusi ya kaboni na udongo mwekundu, na meli zao unazijua papo hapo. Watu wale walichora kitu ambacho mikono yao ilikishika kila siku, na hilo ndilo somo la kwanza.

Msitu tunaufuata kwa sababu ni wetu na hatuujui. Chemchemi za Marere, zilizomo ndani ya Shimba Hills, ni moja ya vyanzo vya maji ya Mombasa, pamoja na Mzima, Baricho na Tiwi. Mbambakofi na mvule wa misitu ya pwani ndio uliochongwa milango ya mji wetu. Hata hivyo, kijana wa Majengo au Kisauni anaweza kuchora jahazi akiwa amefumba macho, na umwombe akuchoree jani la mbambakofi asijue aanzie wapi. Jambo hili linaniuma. Kitu ambacho watu hawakijui hukatwa bila mtu kulalamika, na mimi sina njia bora ya kumjulisha mtu mti kuliko kumkalisha mbele yake na penseli.

Ni msitu gani mnaokwenda?

Mkubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 30 na ushei kusini mwa Mombasa. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968. Ina misitu minene kama Mwele na Longomwagandi, ina mbuga za nyasi katikati, ina maporomoko ya Sheldrick yenye kimo cha mita zipatazo 20, na ndipo mahali pekee nchini Kenya palipo na palahala wa porini.

Wanaoanza tunawapitisha kwanza Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, peupe, hapana udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale majani makavu na kuyageuza udongo. Leo ni kivuli kitupu. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu unaona msitu ukiwa bado unajengwa, na kwa sababu jongoo ni kiumbe anayechoreka: haendi mbio, na pingili zake zinakufundisha kurudia umbo bila kuchoka.

Wanafunzi wa zamani huenda nasi Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio makazi ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu, na ya bundi mdogo wa Sokoke.

Je, huo ni msitu wa mvua kweli?

Kwa kipimo cha wataalamu, Shimba ni msitu wa pwani. Mvua yake kwa mwaka ni takriban nusu ya ile ya misitu ya mvua yenyewe, ingawa upepo wa bahari unapanda vilima na kuleta ukungu na umande wa kutosha kulowesha suruali yako mpaka magotini. Ukitaka msitu wa mvua hasa ndani ya Kenya, nenda Kakamega, kipande pekee kilichobaki nchini cha misitu ile mikubwa ya Kongo. Ila toka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800.

Ulio karibu nasi ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Unavuka mpaka Lunga Lunga, unapita Tanga na Muheza, kisha unapanda mlima. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902. Miaka kumi kabla yake, 1892, ofisa wao Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ujerumani mbegu za kijiua cha urujuani alichokikuta upande huo wa Tanga, na leo kimejaa madirishani dunia nzima kwa jina lake, Saintpaulia. Darasa la Amani hufanyika pale tu tunapopata kundi la wanafunzi wazoefu wenye hati za kusafiria.

Lazima niwe najua kuchora?

Hapana. Anayejua sana hupata taabu zaidi siku ya kwanza, kwa maana mkono wake umezoea kuchora mti wa mazoea badala ya ule ulio mbele yake.

Mnapokea watoto?

Tunapokea kuanzia miaka kumi. Aliye chini ya miaka 18 aje na barua ya mzazi au mlezi, na aliye chini ya 14 aje na mtu mzima wake. Darasa la usiku na la Arabuko-Sokoke ni la watu wazima tu.

## Msimu, safari na gharama

Wakati gani ni mzuri wa kuja?

Julai hadi Septemba, kusi likivuma, ndio wakati ninaoupenda: kuna ubaridi, mwanga ni laini na mawingu yanasawazisha vivuli. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni kukavu na kuna joto; rangi hukauka haraka na mchana hatufanyi kazi. Vuli tunaitumia kwa tahadhari, hasa Oktoba, kwa kuwa mvua inapoanza tu vichipukizi hutoka na konokono nao huonekana.

Masika hatuendi. Mwezi Mei barabara za udongo ndani ya hifadhi huwa tope na njia ya kushukia Sheldrick huteleza vibaya. Miezi hiyo tunafundisha mjini.

Tunafikaje?

Tunakutana upande wa Likoni baada ya kuvuka feri. Waendao kwa miguu hawalipi. Kutoka pale ni gari la darasa hadi njia panda ya Kombani, kisha tunapanda Kwale. Mwenye gari lake anayetoka Changamwe au Miritini anaweza kupita Dongo Kundu akaepuka foleni ya kivuko. Mwenye kuja peke yake apande matatu ya Likoni–Kwale atukute Kwale mjini, lakini lango la hifadhi hapiti kwa miguu.

Ada inalipia nini, na kwa nini isiwe nafuu zaidi?

Inalipia usafiri toka Likoni, chakula, malazi, mwongozaji, askari wa wanyamapori kwa matembezi ya miguu, na karatasi. Kiingilio cha hifadhi unakilipa mwenyewe kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Langoni hawapokei fedha taslimu. Kiwango cha mwananchi, cha mkazi na cha mgeni ni tofauti, na cha mtoto na mwanafunzi kiko chini, kwa hiyo njoo na kitambulisho.

Sehemu ninayoulizwa zaidi ni malipo ya mwongozaji. Tunamlipa sawa na mimi. Wako waliotushauri tumpunguzie ili ada ishuke, nami nimekataa na nitaendelea kukataa. Elimu yake imechukua umri wake wote, na familia za Kwale ndizo zinazolala macho tembo wanapoingia mashambani. Mjini tunakunywa maji ya msitu ule bila kuhisi gharama yake; hapa angalau tuilipe kidogo.

Asiye na uwezo aandike mapema. Kila darasa lina nafasi mbili za bure kwa vijana wa Kwale na mbili kwa wa Mombasa.

Tunalala wapi na tunakula nini?

Tunalala Kwale mjini, wanawake kwao na wanaume kwao. Chakula chote ni halali na hupikwa na akina mama wa hapo hapo: wali wa nazi, mchicha, samaki wa kupaka, na asubuhi mahamri na mbaazi. Asiyekula kitu fulani aseme siku ya kujiandikisha, si mezani.

## Vifaa

Nibebe vifaa gani?

Vichache. Penseli mbili, HB na 4B, kichongeo, raba, rangi za maji za vidonge, sita zinatosha, brashi mbili, nyembamba na nene, kitambaa cha pamba, chupa ya maji isiyo ya plastiki ya kutupwa, kwa sababu plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote tangu Juni 2020. Karatasi nzito ya gramu 300 na ubao tunakupa sisi. Usinunue rangi ghali kwa ajili ya darasa hili. Kila anayekuja na sanduku la rangi 48 hutumia asubuhi nzima kuchagua.

Msituni karatasi inalegea na rangi haikauki. Nifanyeje?

Hili ni tatizo la kila mtu. Alfajiri hewa ya Shimba imejaa maji, na karatasi huyanyonya mpaka inakuwa laini kama leso iliyofuliwa. Ukipaka rangi wakati huo, itasambaa usikotaka na haitakauka hadi adhuhuri.

Kwa hiyo tunagawa kazi kwa saa. Alfajiri ni penseli. Rangi hatuzigusi kabla ya saa nne, jua likishapenya. Bandika karatasi ubaoni pande zote nne kwa selotepu ya karatasi, usiiachue mpaka ikauke kabisa. Tumia maji nusu ya yale unayotumia nyumbani. Tabaka la pili lisubiri. Wakati huo anza karatasi nyingine, kwani hakuna aliyekukataza kuwa na michoro mitatu kwa pamoja. Jioni usiifungie kazi mbichi begini, itaota kuvu kabla hujafika Likoni. Itandaze.

Mnatumia rangi za asili?

Ndiyo, siku moja ya darasa refu tunaitenga kwa hilo, na hakuna kinachochumwa hifadhini. Manjano na mkaa tunanunua Marikiti. Nyekundu ya machungwa inatokana na mbegu za bixa, ambazo wakulima wa Kwale wanazilima kwa biashara. Hudhurungi tunaipata kwa kuchemsha gome la mkoko uliokauka, ambalo wavuvi wa pwani walitilia nyavu zao. Udongo mwekundu tunauchota shambani kwa idhini ya mwenye shamba, tunauponda, tunauchekecha kwa kitambaa, tunauchanganya na utomvu wa mgunga.

Manjano hupauka juani kwa muda mfupi. Mchoro unaotaka kuutunza usiutegemeze juu yake. Bixa nayo hupauka, ila si upesi hivyo. Udongo na mkaa hudumu, kama unavyoona Fort Jesus.

Tukipita Mwaluganje, jirani na Shimba, tunaulizia karatasi ya mavi ya tembo. Tembo hasagi vizuri nyuzi za anachokula, na nyuzi hizo zikioshwa na kuchemshwa zinatoa karatasi nzito yenye mikwaruzo, inayopokea mkaa vizuri kuliko rangi za maji.

Kwa nini nisipige picha kwa simu nikachore nyumbani?

Piga, lakini baada ya kuchora. Simu ikiona giza la msituni hulitia mwanga, na mwanga wa juu huufanya mweupe mtupu. Unarudi na picha isiyo na kivuli, na msitu wote ni kivuli. Ndani ya weusi ule mna zambarau, mna kijani kilichoiva, mna hudhurungi. Jicho likikaa dakika kumi linaviona, na simu imeshavifuta.

Tena picha ya simu inakupa kila kitu kwa pamoja, nawe huna haja ya kuamua. Anayechora hulazimika kuamua kila mara nini kibaki na nini kiondoke.

## Ndani ya darasa

Siku moja ya darasa inaendaje?

Tunaingia lango likifunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya kwanza hakuna penseli. Tunakaa kimya, tunasikiliza hondohondo wakipita juu kwa mvumo wa mbawa, tunangoja macho yazoee. Kisha tunachora bila kutazama karatasi: jicho linafuata ukingo wa jani, mkono unafuata jicho. Michoro hiyo hutoka imepinda, na ndivyo inavyotakiwa.

Baada ya hapo kila mtu huchagua kitu kimoja na kukaa nacho mpaka mchana. Nitatoa mfano mmoja kwa karibu. Chini ya mbambakofi huanguka maganda yake, mazito, magumu, yenye upana wa kiganja. Ganda likipasuka unakuta ndani nyama nyeupe iliyokauka, na katika vishimo vyake mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kikombe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Mwanafunzi mpya hupaka mbegu nyeusi tii na kudhani amemaliza. Mwambie atazame tena. Juu ya mbegu pana doa jeupe la mwanga, na pembeni pana utepe mwembamba wa kijani, ambao ni majani ya juu yanayojionyesha katika weusi ule. Upande wa chini, karibu na kikombe, weusi unageuka kahawia kwa wekundu uliomwagikia pale. Akishaona hayo mara moja, hapaki tena weusi uliotoka moja kwa moja kwenye kidonge.

Jua likiwa kali tunapumzika. Jioni tunatandaza kazi zote chini, na kila mmoja anaeleza alichokiona, si alichotaka kufanya. Nje ya hifadhi, darasa la usiku huchora kwa masikio: komba akilia, mistari ya mkaa inafuata sauti inavyopanda na kukatika.

Kijani changu hutoka kama rangi ya ukuta. Kwa nini?

Kwa sababu unatumia kijani cha dukani kama kilivyo. Changanya manjano na samawati, kisha tia chembe ya udongo mwekundu. Wekundu ndio unaokiondolea kijani ukali.

Halafu jiulize mwanga unatoka wapi. Jani lenye jua nyuma yake ni la manjano. Jani hilo hilo, likitazamwa kwa juu, huchukua rangi ya mbingu na kuwa la kijivu. Na majani machanga ya miti yetu mingi si ya kijani hata kidogo: mrihi wa Arabuko-Sokoke ukichipua huwa mwekundu, na mwanafunzi asiyeamini macho yake huupaka kijani.

Wanyama hawatulii. Nawachoraje?

Mbega hukaa tawini muda mrefu wakila majani, anza nao. Chora mgongo kwa mstari mmoja, acha. Akigeuka, anza mchoro wa pili pembeni; akirudi katika mkao wa kwanza, nawe rudi. Ukurasa wenye mbega kumi wasiokamilika una thamani kuliko mmoja uliomalizia kwa kubuni. Palahala tunawachora toka garini, na ni michoro ya mbali: pembe zilizopinda nyuma na doa jeupe la uso vinatosha.

## Usalama na mavazi

Je, tembo na nyoka?

Tembo wapo, na ndiyo sababu hatutembei bila askari. Akisema tuondoke, vifaa vinaachwa palipo. Hakuna anayerudi kuchukua mchoro.

Nyoka huonekana mara chache. Usikalie gogo kabla ya kulitazama pande zote, wala usitie mkono usipoona. Mtu akiumwa, tunamtuliza, tunakiweka kiungo kisitikisike, na tunamkimbiza hospitali Kwale au Msambweni. Hatuchanji, hatufyonzi, hatukazi kamba.

Wanaowasumbua watu zaidi ni wadogo. Siafu: tazama chini kabla ya kukaa, na ingiza suruali ndani ya soksi. Upupu: ukiona maganda yenye manyoya ya kahawia yanayometa, kaa mbali, hata upepo unayabeba. Kupe: jikague jioni. Mbu: malaria ya pwani ipo mwaka mzima, tumia dawa ya kujipaka na lala ndani ya chandarua.

Nivae nini?

Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, viatu vilivyofunika mguu. Rangi iwe kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Nyeusi na samawati hapana, kwa kuwa mbung'o wa Shimba huvutwa na rangi hizo na mdomo wake unapenya nguo. Akina dada wavaao buibui tunawashauri waje na dera au abaya ya rangi ya udongo kwa siku za msituni. Sitara ni ile ile. Kwa Kaya Kinondo mambo ni mengine, tazama swali la kaya hapa chini.

## Dini, mila na ruhusa

Mimi ni Mwislamu. Je, nitalazimishwa kuchora wanyama?

Hutalazimishwa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuchora chenye roho, na sisi si watu wa kutoa fatwa. Muulize shekhe unayemwamini. Kuhusu miti hakuna tatizo kubwa: imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwambia mchoraji aliyemjia kuwa kama hana budi, achore miti na kila kisicho na roho. Wanafunzi wetu kadhaa huchora mimea tu, na kazi zao ni miongoni mwa zilizo bora. Milango ya Mji wa Kale na ya Lamu imejaa majani na maua yaliyochongwa, na mafundi wake hawakuona wamepungukiwa.

Na swala? Na Ramadhani?

Ratiba inasimama kwa adhuhuri na alasiri. Kuna mikeka na maji ya udhu. Ramadhani hatuendi msituni, tunafundisha mjini usiku baada ya tarawehe.

Tunaweza kuchora ndani ya kaya?

Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale yaliyo matakatifu, si bustani za umma. Baadhi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini mamlaka yake yako kwa wazee wa kaya, na yalikuwa kwao kabla ya UNESCO kuwapo. Tunakwenda Kaya Kinondo peke yake, karibu na Diani, ambako wazee wenyewe wameamua kupokea wageni. Unafungwa kaniki nyeusi, unavua kofia, husongi mbele ya mwongozaji, huchukui hata jani lililoanguka, na unachora pale tu unapoambiwa. Wakisema leo hakuna kuchora, tunatazama na kuondoka.

Wanafunzi wengine huona masharti haya ni mazito. Mimi naona ndiyo yaliyouacha msitu ukiwa umesimama, huku pembeni yake ardhi ikiuzwa kwa mahoteli.

Na vigango?

Hatuvichori. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa ajili ya marehemu, mahali pake pa kukaa na watu wake. Vingi viliibwa kwa Wagiriama vikauzwa nje; viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine bado viko huko. Katika wizi ule soko la sanaa lilikuwa na mkono, na watu wa sanaa tunapaswa kuvikaribia kwa adabu kuliko mtu mwingine yeyote.

Naweza kuokota mbegu au unyoya nikamalizie nyumbani?

Hapana, ndani ya hifadhi hata kilichoanguka kinabaki. Pima kwa kidole, andika vipimo pembeni ya mchoro, paka vipande vya rangi vya ukumbusho. Ukihitaji mbegu ya mbambakofi mkononi, mwongozaji anajua wenye miti mashambani mwao.

Naweza kuuza michoro yangu? Na droni?

Michoro ni yako, iuze. Yale ya Kaya Kinondo uliza kwanza pale pale, usisubiri kufika mjini. Droni usilete, kuirusha hifadhini bila kibali ni kosa, na kibali chetu hakiihusu.

## Hali za pekee

Natumia kiti cha magurudumu. Naweza kushiriki?

Ndiyo. Haller Park ina njia tambarare, na Shimba tunachora toka garini na katika vituo vya kutazamia, ambako unaona msitu ukishuka hadi baharini. Sheldrick haiwezekani, mteremko ni mkali. Tujulishe mapema tupange gari lenye mlango mpana.

Sitofautishi nyekundu na kijani. Nitapitwa na somo?

La rangi utalifuata kwa njia yako: utafanya kazi kwa mwanga na giza, kwa mkaa au wino. Wenye macho ya namna hii mara nyingi humwona mapema mdudu aliyejificha kwa rangi, kwa sababu wao hufuata umbo. Mkae karibu na mwongozaji, naye huwapenda sana.

Mimi ni mwalimu. Naweza kuleta darasa langu?

Lete, hasa kama wanafunzi wako wanaelekea mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Wasizidi 20, na kila kumi wawe na mtu mzima mmoja. Barua za wazazi zije kabla ya siku ya safari. Asiye na barua havuki Likoni nasi. Tunaanza na Haller Park kwa siku moja, na wakionyesha hamu ndipo tunapanga Shimba.

Mvua ikinyesha katikati ya darasa?

Michoro inaingia kwenye mifuko ya turubai, watu wanaingia garini, na tunachora matone kwenye kioo. Ikiendelea zaidi ya saa mbili tunarudi Kwale. Ada hairudishwi kwa mvua, lakini siku iliyopotea unaidai msimu unaofuata.

Baada ya darasa naweza kurudi mwenyewe?

Unaweza, na tunatamani urudi. Lipa kiingilio kwa eCitizen, ingia kwa gari, na kwa matembezi yoyote ya miguu omba askari langoni. Namba ya mwongozaji tutakupa kwa idhini yake. Mpigie siku mbili kabla, na mlipe kama tunavyomlipa sisi.